Neno Lililokuja Jumatano

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, kamba zote tatu za uani zikiwa zimejaa shuka za nyumba ya wageni. Nimezianua mbiombio na bado nusu zimelowa upya. Dobi na mvua hawajawahi kupatana.

Jana binti yetu alipiga simu kutoka ng'ambo, akaniuliza kama naandika kwenye daftari aliloniachia siku ya kuondoka. Nikamwambia naandika sana. Uongo mtupu, daftari lilikuwa limelala chini ya mfuko wa vibanio tangu mwaka jana. Basi leo naandika ili nisife mwongo. Chiriku, ukirudi ukasoma hapa, usinicheke mwandiko. Mkono huu umezoea pasi, haukuzoea kalamu.

Tulimwita Chiriku tangu ana miaka miwili. Hata akilala midomo ilikuwa inacheza.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nimepiga pasi hadi soksi.

Jumapili, 9 Machi

Chiriku amepiga. Kazini kwake, kwenye ile nyumba ya wazee, amehamishiwa ghorofa ya wagonjwa wa kitandani. Asubuhi anawaogesha na kuwalisha, mchana anasoma uuguzi. Mtihani ni mwezi ujao. Mimi kila Jumapili namwomba neno moja la Kiingereza, na leo nimemwambia, "Nipe la mtihani wako. Ukifaulu watasemaje?"

"Watasema nime-pass, baba."

"Pasi? Kama hii yangu?"

Akacheka mpaka akakosa pumzi. Akasema hiyo ya kwangu imefanana nayo kwa jina tu. Lakini pass ya Kiingereza, akasema, ina kazi nyingi kuliko mjakazi. Ukimpita mtu njiani, pass. Ukimpa mwenzako mpira, pass. Kibali cha kuingilia getini, pass. Ukiombwa chumvi mezani ukaisogeza, hiyo nayo pass. Na ukifaulu mtihani.

"Basi zimekwisha?"

Akapunguza sauti. "Zipo nyingine, lakini za leo zinatosha."

Nimeziandika zote nyuma ya daftari. Mama yake alikuwa pembeni anachambua mchele. Hakucheka hata mara moja.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekwaruzana na mke wangu. Nilimwambia tu kwamba mtoto akishakuwa muuguzi, yeye ataacha kudeki wodi. Miaka kumi na tisa anadeki hospitali ya hapa mjini. Akanijibu, "Kudeki hakujaniua. Mimi mtoto nilimtaka hapa." Akachukua ndoo akatoka.

Maneno ya mke wangu yanapimwa kwa kijiko cha chai. Wakati mwingine namwona kama mtu anayeogopa mtoto asije akampita. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ninavyomwona.

Jumapili, 23 Machi

Chiriku anakohoa. Anasema ni mafua tu, baridi ya huko.

Jumanne, 25 Machi

Chumba cha kukaushia kinanuka ukungu. Nimerudisha suti moja ina harufu, mwenyewe amenisema mbele za watu.

Jumapili, 30 Machi

Mafua tu, anasema. Lakini alikatiza neno mara tatu ili akohoe. Leo hakunipa neno la Kiingereza, nami sikudai.

Jumapili, 6 Aprili

Mtihani ni keshokutwa. Mama yake alininyang'anya simu, jambo ambalo si kawaida yake, akamwambia, "Mwanangu, nenda hospitali kesho. Hicho kifua nakisikia mpaka hapa."

Chiriku akasema akienda watamlaza, na akilazwa mtihani umempita, mpaka mwakani.

Nikachukua simu. Nikasema, "Mama yako anaona wagonjwa kila siku, kila kikohozi kwake ni maradhi. Vumilia, binti yangu. Mtihani kwanza, hospitali baadaye."

"Sawa, baba," akasema.

Mke wangu alinitazama, kisha akaenda kutazama mvua mlangoni.

Jumapili, 13 Aprili

Ameongea dakika mbili tu. Mtihani ameufanya. Majibu yanatoka wiki hii. Sauti imekwaruza kama ya mzee. Nikamuuliza, "Hospitali?" Akasema, "Nikipata nafuu ya kutembea mpaka kituoni, nitaenda." Akacheka, nami nikacheka.

Jumatano, 16 Aprili

Amefaulu! Chiriku wangu amefaulu!

Nilikuwa nanyoosha kola ya shati saa saba mchana simu ikalia. Ujumbe, namba ya ng'ambo. Si yeye, ni mwenzake wanayelala chumba kimoja, msichana wa nchi nyingine kabisa ambaye Kiingereza chake, Chiriku aliwahi kuniambia, ni cha kuokoteza. Maneno yalikuwa machache. Mama na baba. Binti yenu. Leo asubuhi. Tafadhali nipigieni. Na katikati, lile lile neno langu la nyuma ya daftari: pass.

Hata hivyo sikujiamini. Nikavuka barabara kwa Karani. Huyu ni mstaafu aliyekaa ofisini miaka thelathini, na mtaa mzima barua zake za Kiingereza husomwa barazani kwake. Akavaa miwani, akasoma, akakohoa kidogo kama hakimu.

"Sarufi mbovu," akasema. "Lakini maana ni safi. Amefaulu. Mpe mkono baba wa muuguzi!"

Tukapeana mkono, tukakumbatiana pale pale mvuani, watu wazima wawili. Nilimpigia Chiriku, simu imezimwa. Nikampigia mwenzake, haiingii, mvua imeharibu mtandao. Karani akasema, "Waache, wako kwenye sherehe."

Mke wangu alirudi kazini saa kumi. Nilimpokea mlangoni naimba. Akaniambia taratibu, "Nionyeshe." Akaishika simu muda mrefu. Kisha akauliza, "Mbona yeye mwenyewe hakuandika?"

"Ana furaha! Mtu mwenye furaha anakumbuka simu?"

Akakaa kwenye kiti cha chini akavua viatu, kimoja, halafu kingine, polepole. Hakusema hongera. Nimechukia. Roho ya mtu huyu imeumbwa na nini?

Alhamisi, 17 Aprili

Simu ya ng'ambo bado haiingii. Nimenunua keki na soda. Majirani wamekuja wengi kuliko viti. Karani ametoa hotuba, nusu yake ya Kiingereza, watu wamepiga makofi pale ambapo hawakuelewa. Nimecheza. Goti langu bovu na mimi tumecheza.

Mke wangu aliondoka kabla hakujakucha vizuri, kabla ya zamu yake, na aliporudi alipita katikati ya wageni akaenda uani kufua. Alifua nguo safi. Nilimwona akizitoa kabatini na kuzitia kwenye beseni. Jirani mmoja akaninong'oneza, "Mwenzio vipi?" Nikasema, "Wivu." Nilisema hivyo. Mbele ya watu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mke wangu amekuja dukani kwangu ninapopigia pasi, saa sita mchana, na sare za kazini. Siwezi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitajaribu leo.

Ijumaa ile nilikuwa na shati la mteja mezani. Aliingia, viatu vimejaa maji, akaenda moja kwa moja ukutani akazima swichi ya pasi. Nikamwambia, "We mama, nina kazi." Akanishika mkono, huu wa kulia, akauondoa kwenye mpini kidole kimoja kimoja. Akasema, "Baba Chiriku. Mwanetu amekufa. Alikufa Jumatano alfajiri. Nimeongea na mwenzake kwa simu ya daktari wa wodini kwetu, daktari akinitafsiria."

Nikamwambia hapana, amefaulu. Nikatoa simu nimwonyeshe. Nikasema, "Soma, imeandikwa hapa, pass."

Akasema, "Ndiyo. Ndivyo wanavyosema."

Sikumbuki tulivyofika nyumbani. Nakumbuka keki ilikuwa bado mezani, imefunikwa kwa kawa, na mtu akaja akaiondoa.

Watu walijaa tena, wale wale wa Alhamisi. Hawakujua watazame wapi, na mimi pia. Karani alikuja jioni, kofia mkononi, nikamfukuza. Nilisimama mlangoni kwangu nikapiga kelele: "Wewe na Kiingereza chako! Umenichezesha ngoma juu ya maiti ya mwanangu!" Alisimama pale mvua ikimnyeshea kichwani, halafu akageuka. Tangu siku hiyo baraza yake ni tupu.

Jumatatu, baada ya wengi kuondoka, nilimuuliza mke wangu alijuaje hata akaenda kuomba simu ya daktari.

"Nilijua Jumatano," akasema.

Alikuwa anakunja kanga. Hakuacha kukunja.

"Wauguzi kwetu wakiongea mbele ya ndugu za mgonjwa husema Kiingereza. Hawasemi amekufa. Wanasema kitanda namba nne, passed. Miaka kumi na tisa nadeki chini ya neno hilo. Nikilisikia tu, naenda kuchukua ndoo."

Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Ukaniacha nicheze? Ukaniacha nilishe watu keki, niruke kama mwehu, na wewe unajua?"

"Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hofu, na hofu si hakika." Akaweka kanga juu ya nyingine. "Wewe umesoma kunizidi. Karani amesoma kuwazidi wote. Nikasema, mimi mpiga deki, huenda neno nililolizoea ni la wodini tu, na huko nje lina maana yake njema. Niliomba niwe mjinga. Jumatano usiku kucha na Alhamisi kutwa nimeomba hivyo. Asubuhi nilikwenda mapema nimtafute daktari anipigie simu ng'ambo, akawa likizo ya siku moja. Nikarudi, nikakukuta unacheza. Nikasema, mwache. Kama ni kweli, hii ndiyo furaha ya mwisho atakayoipata kwa mtoto huyu. Mwache amalize."

Akaendelea, bila kunitazama.

"Na nilikuchukia. Usidhani ni wema mtupu. Kila ulipoinua mguu nilisikia sauti yako: mtihani kwanza, hospitali baadaye."

Nimeandika maneno hayo kwa ukamilifu kwa sababu ni yangu. Mimi ndiye niliyeyasema, tarehe sita, na daftari hili hili linanishuhudia. Nimefikiria kuichana karatasi ile. Sijaichana.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Saa ya simu imefika, tukawa tumekaa pale pale, yeye kitini, mimi kitandani. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini tumekaa.

Jumamosi, 3 Mei

Mwajiri wake amemsafirisha. Tumempokea leo. Sanduku la mbao lilikuwa refu kuliko nilivyomkumbuka. Na begi lake la nguo, lina kufuli, ufunguo umebandikwa kwa gundi ya karatasi.

Jumapili, 4 Mei

Tumemzika. Udongo ulikuwa tope, unanata kwenye koleo, wachimbaji walilazimika kuukwangua kwa mikono. Mke wangu hakulia mpaka mtu alipomwambia, "Jikaze." Hapo ndipo alipolia. Nilimwambia yule mtu aondoke.

Alhamisi, 8 Mei

Tumefungua begi. Nguo zake nimezifua mimi. Mke wangu alisema tuzifue pamoja, lakini nilimwomba aniachie, akaniachia. Nimezifua kwa mkono, nikazisuuza mara tatu, na kwa kuwa hakuna jua nimezikausha kwa pasi, moja moja. Sare zake za kazini zilikuwa za bluu, kifuani zina mfuko mdogo wa kalamu.

Chini kabisa kulikuwa na barua, kurasa mbili, mwandiko wa mwenzake wa chumbani. Ya Kiingereza. Mke wangu anasikia Kiingereza cha wodini, lakini kukisoma hawezi. Mimi nina maneno yangu ishirini. Tukaitazama barua pale mezani kama watu waliopewa kufuli bila ufunguo.

"Unajua pa kuipeleka," akasema.

"Siendi kwa mtu yule."

"Mimi nilinyamaza nikijua. Yeye alisema bila kujua. Kama mimi unanipikia chai, yeye kakosa nini zaidi?"

Kweli, siku hizi mimi ndiye ninayepika chai.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda. Mlango ulifunguliwa na Karani mwenyewe, hakunyoa, shati halikupigwa pasi. Huyu ni mtu aliyekuwa akinirudishia suruali kwa mkunjo mmoja tu kupinda. Akaiona barua mkononi mwangu akarudi nyuma hatua moja.

"Sisomi tena barua za watu," akasema. "Macho yameharibika."

"Macho yako ni mazima."

"Basi mimi ndiye mbovu." Akakaa. "Ndugu yangu, kamusi nimeifungua usiku ule ule uliponifukuza. Maana nilikuwa naijua! Nilishaandika barua ngapi za rambirambi ofisini? Neno hilo hilo. Lakini ulikuja unacheka, unangoja mtihani, nikasoma uso wako badala ya karatasi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Yote yakayeyuka. Nikasema tu, "Safari hii soma karatasi."

Alisoma polepole, sentensi moja kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kidole kikitembea chini ya mstari. Kwamba Chiriku alikohoa wiki tatu, na kabla ya mtihani hakukosa zamu hata moja. Kwamba siku ya mtihani alivaa makoti mawili. Kwamba Jumanne jioni, wiki moja baada ya mtihani, alianguka ngazini, gari la wagonjwa likaja, mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa. Kwamba huyo mwenzake alikaa naye mpaka alfajiri akimshika mkono, naye Chiriku aliongea muda wote kwa lugha yake, na msichana yule hakuelewa hata neno, ila moja lililojirudia, na ameliandika jinsi alivyolisikia: maji.

"Alikuwa na kiu," nikasema.

"Alipewa," Karani akasema haraka. "Imeandikwa hapa, alimlowesha midomo. Imeandikwa, si mimi ninayesema." Akanigeuzia karatasi nione.

Ukurasa wa pili aliusoma kimoyomoyo kwanza. Nikamwona anasimama kwenye mstari mmoja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilijua ni matokeo ya mtihani. Nilijua pia kwamba mtu huyu, akitaka, anaweza kunipa zawadi sasa hivi, na hakuna mtu duniani atakayemkosoa.

"Matokeo yalibandikwa Ijumaa," akasema. "Masomo mawili alifaulu. La tatu hakufaulu. Alikuwa arudie." Akaweka kidole juu ya mstari. "Hakufaulu, ndugu yangu. Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikamshukuru. Sijawahi kumshukuru mtu kwa dhati kama hivyo.

Kisha nikasema hasira iliyokuwa imebaki, kwamba Waingereza ni watu gani wanaoliita jambo kama hili kwa neno la mpira na chumvi. Si wangesema tu?

Karani akatikisa kichwa. "Na sisi je? Tunasema ametutoka, kana kwamba kaenda sokoni. Tunasema amepumzika. Tunasema hatunaye. Wote tunalizunguka tu. Hakuna mwenye ushujaa wa kulitazama."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu kila kitu, mpaka somo la tatu. Akauliza lilikuwa la nini. La hesabu za dawa, nikasema. Akafunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, machozi yanamtiririka. "Hesabu!" akasema. "Mtoto yule na hesabu! Tangu darasa la pili!" Na mimi nikacheka. Tukacheka mpaka tukashikana, kisha hatukuwa tunacheka tena.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia mke wangu kuhusu siku ya keki, kwamba nilisema ana wivu mbele ya watu. Akasema, "Nilisikia. Nilikuwa uani, ukuta ule ni mwembamba." Nikaomba radhi. Akasema tuombane radhi kidogo kidogo, tusimalize zote siku moja.

Kuhusu tarehe sita Aprili hajasema kwamba amenisamehe. Sijamuuliza.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Karani ametoa kiti chake barazani.

Jumapili, 25 Mei

Mke wangu ameniambia jambo wakati wa chakula. "Unajua hujawahi kulisema? Tangu siku ile. Unasema lile jambo. Unasema Jumatano ile. Unasema mtoto alipo."

Nikamwambia wakati utafika.

"Mimi nililisema peke yangu," akasema. "Mara moja, dukani, kwa sababu ilibidi mmoja wetu aliseme. Nimechoka kuwa peke yangu nalo."

Jumamosi, 31 Mei

Leo jua. Kamba zote tatu zimejaa na kila kitu kimekauka kabla ya saa saba. Mke wangu hana zamu, akaja kunisaidia kukunja.

Saa nane akaingia mteja wa siku nyingi, mwalimu mstaafu aliyekwenda kuuguza dada yake mji mwingine tangu mwezi wa pili. Hakuwa na habari yoyote. Akatua furushi lake mezani, akatusalimu, akauliza kwa furaha, "Na yule binti wa ng'ambo hajambo? Mtihani ulikwendaje?"

Mke wangu aliacha kukunja. Hakunitazama, alitazama shuka iliyokuwa mkononi.

Nikaiweka pasi pembeni. Nikasema, "Alikufa, mwalimu. Binti yetu alikufa mwezi wa nne. Kifua. Aliugua kifua wiki tatu, na mimi nilimwambia asiende hospitali mpaka amalize mtihani."

Mwalimu akaegemea meza. Hakusema pole mara moja, alitafuta kiti kwanza. Mke wangu akamsogezea benchi, kisha akakaa naye, kisha akanisogezea mguu wa benchi kwa kiatu ili nami nikae. Tukakaa watatu, mimi katikati. Mke wangu akaweka mkono wake juu ya goti langu bovu, akauacha hapo.

Furushi la mwalimu lina magauni manne na mapazia mawili. Nimemwahidi Alhamisi.